Kilo tisa ni nzuri au mbaya? Usitoke kliniki na namba tupu

Asubuhi ya siku ya kliniki unaijua. Foleni imeanza saa moja, watoto wanalia kwa zamu, mzani umening'inizwa kwenye boriti ya kibaraza, na kila mama ameshika nguo ya kumpimia mwanawe. Zamu yako inafika. Unamtundika mtoto, mshale unacheza kidogo kisha unatulia, na muuguzi anasoma kwa sauti: "Tisa kamili, mama." Mwenzake anaandika. "Anayefuata!"

Unamfunga mtoto mgongoni, unaondoka. Ukifika nyumbani baba yake anauliza amefikisha ngapi, unamjibu kilo tisa. "Vizuri," anasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa nikuulize, msomaji wangu: vizuri kivipi?

Mtoto wa kiume wa miezi 9 mwenye kilo 9 yuko katikati kabisa ya wenzake. Hana tatizo la uzito. Lakini mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 2 akiwa na kilo hizo hizo 9 yuko chini ya mstari wa mwisho wa kawaida, ambao kwa umri wake ni kilo 9.7. Huyo hapaswi kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa "anayefuata". Anapaswa kukaa, aulizwe anakula nini, amekuwa akiumwa nini, apimwe na mkono. Mzani ni ule ule na namba ni ile ile, ila maana yake ni tofauti kama usiku na mchana.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya data na taarifa, maneno mawili ambayo siku hizi tunayatumia kama pacha. Data ni kile kilichopimwa, kuhesabiwa au kuandikwa, kikiwa bado peke yake. Taarifa ni data hiyo ikishakutanishwa na ndugu zake: ni ya nani, ana umri gani, imepimwa lini na kwa kifaa gani, na kabla ya hapo hali ilikuwaje. Data inasema "tisa". Taarifa inasema "huyu mtoto anakua" au "huyu mtoto amesimama". Wewe mzazi unachokihitaji ni hiyo ya pili, lakini mara nyingi unaondoka kliniki na ile ya kwanza.

Nakiri kwamba lugha yenyewe inatuchanganya. Mtaani "data" ni bando ya simu. Sheria yetu ya mwaka 2022 inayolinda data za watu, zikiwemo za afya, inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sina ugomvi na walioitunga, ila kwa makala ya leo naomba tuyatenganishe hayo maneno, kwa sababu nimeona mtoto akikaribia kupotea katikati yake.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja aliletewa wasiwasi na jirani yake kwamba bintiye amenyong'onyea, akamleta. Mtoto alikuwa na miezi 14. Tulipompima alikuwa na kilo 8.4. Kwa binti wa umri huo, kilo 8.4 ni chini ya wastani lakini bado ni ndani ya eneo la kawaida, kwa hiyo kama ningeishia kwenye namba hiyo ningemwambia aende nyumbani akaongeze uji. Kadi yake ilikuwa mpya kabisa, ina nukta moja tu, niliyotoka kuiweka mimi.

"Mama, kadi ya zamani iko wapi?"

"Ililowa na mvua, daktari. Ila karatasi za kule alikopimwa ninazo."

Akatoa mkobani karatasi mbili zilizokunjwa, kila moja kutoka kituo chake, kwa sababu alikuwa amehama mara mbili akifuata kazi. Ya kwanza: miezi 11, kilo 9.1. Ya pili: miezi 12, kilo 8.8. Kwenye zote mbili aliambiwa mtoto yuko kawaida, na kila aliyemwambia alikuwa sahihi kwa namba iliyokuwa mbele yake. Binti wa miezi 11 mwenye kilo 9.1 yuko juu ya wastani. Wa miezi 12 mwenye 8.8 yuko karibu na wastani kabisa. Lakini zipange zote tatu kwenye meza: 9.1, 8.8, 8.4. Mtoto aliyetakiwa kuongezeka kila mwezi alikuwa amepoteza gramu 700 ndani ya miezi mitatu, huku kila mtu akimpongeza.

Tulipouliza zaidi, ikajulikana kwamba babu anayelala chumba kimoja na mtoto alikuwa na kikohozi cha muda mrefu. Babu alipimwa akakutwa na kifua kikuu. Mtoto naye akapelekwa hospitali, akachunguzwa na kuanzishiwa dawa. Siku niliyomwona tena alikuwa ananyang'anya wenzake maandazi kwenye benchi.

Data zote tatu zilikuwepo tangu mwanzo. Zilikuwa mkobani mwa mama yake.

Ndiyo maana kadi ya mtoto ina ile michoro yenye mistari inayopanda. Watu wengi hudhani ni mapambo ya Serikali. Mistari hiyo inatokana na viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia na kuwapima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wa akina mama wasiovuta sigara, walionyonyeshwa inavyotakiwa na kutunzwa vizuri, ili ionekane mtoto hukua vipi asipokosa mahitaji yake. Wavulana wana mchoro wao na wasichana wao. Muuguzi anapoweka nukta kwenye kadi, anaikutanisha namba ya mwanao na umri wake pamoja na watoto hao. Anapoiunganisha na nukta ya mwezi uliopita, anaikutanisha na mwanao mwenyewe wa mwezi uliopita. Huko kuunganisha nukta ndiko kunakozaa taarifa. Kadi yenye namba zilizoandikwa pembeni bila nukta kwenye mchoro ni sawa na sufuria yenye mchele mbichi. Chakula kipo, lakini hakijapikwa.

Ukiangalia mchoro, usitazame tu nukta iko kwenye rangi gani. Tazama inaelekea wapi. Kuna watoto wadogo kwa maumbile, wanaopita chini chini tangu kuzaliwa lakini mstari wao unapanda sambamba na ile iliyochapishwa. Hao wanakua. Na kuna mtoto mnene anayesifiwa na mtaa mzima ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili au umeanza kushuka. Huyo wa pili ndiye wa kumwahi, hata kama ana kilo nyingi kuliko yule wa kwanza. Ila mama wa mtoto mchanga asishtuke: siku za kwanza baada ya kuzaliwa ni kawaida mtoto kupungua kidogo, kisha kwa kawaida huwa amerudisha uzito wake kufikia wiki ya pili.

Kabla ya kuiamini namba, jiulize pia ilivyopatikana. Mtoto wa mwaka mmoja huongezeka gramu 200 hivi kwa mwezi. Pampasi iliyojaa mkojo inaweza kufikia uzito huo, na sweta la baridi linaukaribia. Kwa hiyo ukimpima mwezi huu na nguo na mwezi ujao bila nguo, kadi itasema amekonda wakati hajakonda. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: amekonda kweli na pampasi imemficha. Mvue. Tazama mshale uko kwenye sifuri kabla hajatundikwa. Na tarehe ya kuzaliwa itaje kwa usahihi, usikisie "kama mwaka na kidogo", maana ukikosea umri nukta inakwenda kukaa kwenye safu ya mtoto mwingine.

Kuna kifaa kimoja ninachokipenda kwa sababu kinamrahisishia mzazi haya yote: ule utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Una rangi tatu. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimeta 11.5, utepe unaangukia kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, na kuendelea juu ni kijani. Katika umri huo mkono haubadiliki sana kadiri mtoto anavyokua kama ubadilikavyo uzito, kwa hiyo waliotengeneza utepe waliweza kuichapisha tafsiri papo hapo juu ya kipimo. Mama asiyejua kusoma namba anaiona hatari kwa rangi. Vipimo vingine vingi havina bahati hiyo.

Chukua pumzi. Mtoto ana kikohozi na homa, umeambiwa uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima akiwa ametulia, umepata 45. Kama ana miezi 8, hiyo haihesabiwi kuwa kasi, kwa sababu mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha 50. Kama ana miaka 3, mpaka wake ni 40, na 45 ya kwake ni dalili ya nimonia. Mpeleke kituoni sasa hivi, usingoje asubuhi. Mchanga ambaye hajafikisha miezi 2, mpaka ni 60. Na kwa umri wowote, ukiona kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, hanyonyi, au amelegea hashituki, acha kuhesabu uende.

Haya ya watoto yana ndugu zake kwa watu wazima, na huko nako tunapotezana.

"Sukari yangu ni nane," ananiambia mzee mmoja kwa simu, ananyamaza akisubiri hukumu. Nane ya saa ngapi, mzee wangu? Nane ya asubuhi kabla ya kula chochote iko juu. Kiwango cha 7.0 au zaidi mtu akiwa hajala, kikirudiwa siku nyingine na kuonekana tena, madaktari hukiita kisukari. Lakini nane ya saa mbili baada ya chakula, kwa mtu ambaye tayari ni mgonjwa wa kisukari na anatumia dawa, ni matokeo ambayo ningempongeza. Halafu kuna vidole. Umetoka kumenya embe au chungwa, hukunawa, ukachoma kidole: ile sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye kipimo, na mashine inakupa namba ya embe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo upime.

Na mashine zenyewe hazisemi lugha moja. Nyingine hutoa majibu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. 7 ya kwanza ni 126 ya pili, kwa sababu unazidisha kwa 18. Ndugu yako aliyekuletea mashine kutoka nje anaweza kukusababishia usiku mbaya bila kujua. Umezoea kuona 6 na 7, ghafla umesoma 120, unaanza kuaga watoto. Wakati 120 hiyo ni 6.7 tu. Soma maandishi madogo pembeni ya namba kwenye kioo.

Kuna kipimo kingine, HbA1c, ambacho huonyesha sukari ilivyokuwa kwa wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi na mtu aliyefunga kula wanga siku mbili kabla ya kliniki (mnajijua). Ila kama una selimundu au upungufu mkubwa wa damu mwambie daktari mapema, kwani majibu yake yanaweza yasiwe ya kweli kwako.

Presha nitaipitia haraka. Umeshuka kwenye daladala, umekimbia ngazi, umepimwa ukiwa unaongea na simu, umepata 150/95. Hiyo ni data ya mtu aliyekimbia. Kaa dakika tano, egemea kiti, usikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, nyamaza, upimwe tena, na ikiwezekana siku nyingine. Kinachonitia hofu zaidi ni upande wa pili: mgonjwa anayemeza dawa kila siku, anapimwa 128/80, anafurahi kwamba amepona, anaacha dawa. Namba hiyo bila neno "akiwa kwenye dawa" ni ya mtu mzima wa afya. Ukiiwekea neno hilo inageuka kuwa habari kwamba dawa inafanya kazi na iendelee. Nimewasindikiza wodini watu waliopata kiharusi baada ya kuisoma vibaya namba nzuri.

Malaria nayo. Kile kipimo cha haraka chenye mistari miwili, vingi vyake hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa kwa dawa. Mtoto akimaliza dozi leo, ukampima tena baada ya wiki mbili kwa wasiwasi wako, mistari miwili inaweza kutokea hali amepona. Wapo wazazi wanaorudia dozi tatu mfululizo kwa sababu hiyo. Homa ikirudi, mrudishe kituoni na useme tarehe aliyomaliza dawa, ili kama kuna hadubini damu iangaliwe kwa hadubini. Tarehe hiyo, unayoiona ndogo, ndiyo inayoamua mistari inasema nini.

Unaweza kujiuliza kwa nini muuguzi anaandika majina na namba nyingi vile kwenye yale madaftari makubwa, mpaka foleni inakatisha tamaa. Hayo ni madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mwisho wa mwezi yanajumlishwa, yanaingizwa kwenye kompyuta kwa mfumo unaoitwa DHIS2, ulioanzia kazi za Chuo Kikuu cha Oslo, na wilaya inaona ni kata gani watoto wameharisha kuliko mwezi uliopita. Kuharisha kwa mwanao peke yake ni msiba wa nyumba yako. Kukikutanishwa na kwa watoto wa mtaa wako ndipo mtu anapokumbuka kwenda kukagua kisima. Kwa hiyo ukiulizwa umri, mtaa unaoishi na siku ya kwanza ya kuugua, usijibu ilimradi. Lakini uko huru kuuliza nani ataona majibu yako, na tafadhali, karatasi ya maabara yenye jina la mtoto usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la familia kuulizia maana.

Maana yake muulize aliyekupa. Najua foleni ni ndefu na wauguzi wamechoka, wengine wanajibu kwa mkato. Swali moja la heshima halichukui hata nusu dakika: "Sista, mwezi uliopita alikuwa ngapi, na kwa umri wake mstari unapanda au unashuka?" Kwa mgonjwa wa sukari au presha liwe: "Daktari, hii ukilinganisha na ya mara ya mwisho, tunakwenda wapi?" Akikuambia "kawaida", uliza kawaida ya nani.

Nunua daftari la shule, moja kwa kila mgonjwa nyumbani. Andika tarehe, saa, kipimo pamoja na kizio chake, kimepimwa wapi, alikuwa amekula au hajala, anatumia dawa gani. Ukihamia kituo kingine daftari liende nawe, na lifungue mwenyewe mezani bila kusubiri kuulizwa. Na kadi ya mtoto, kabla masika hayajaanza, ipige picha kwa simu, kurasa zote, ukianza na ule wenye mchoro.